Usiguse stempu: mwongozo wa lebo za vinywaji kwa mwenye duka na grosari

Kijana wangu wa dukani ni msafi kupita kiasi. Siku moja nilikwenda Kariakoo kufuata mzigo, nikamwacha na chupa za rafu ya juu ambazo vumbi lake lilikuwa limeanza kunikera hata mimi. Akajaza beseni maji ya moto, akamwaga sabuni ya unga, akazamisha chupa kumi na mbili za pombe kali, kisha akachukua stili waya. Niliporudi jioni chupa zilikuwa zinang'aa kama za mezani kwa bwana harusi, na ndani ya beseni zilikuwa zinaelea stempu za kodi za TRA, Mamlaka ya Mapato, zimejikunja kama maganda ya kitunguu.

"Bosi, nimezisafisha," akaniambia, anatabasamu.

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ila mbele ya mkaguzi, chupa isiyo na stempu haina mdomo wa kueleza kwamba asubuhi ilikuwa nayo. Nilizitoa rafuni jioni ileile na hasara ikawa yangu. Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kuomba leseni ya vileo: sheria inasema nini kuhusu ile karatasi inayozunguka chupa, na mtu wa duka dogo afanye nini ili asijikute matatani.

Naandika kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, tangu mzigo unapofika mlangoni hadi chupa tupu inapotoka uani. Ni mwongozo wa Tanzania Bara. Wa Zanzibar mna mamlaka yenu ya mapato, ZRA, na taasisi yenu ya viwango, ZBS, kwa hiyo mtauchukua kwa tahadhari.

Hatua ya 1: Izungushe chupa, ujue kila sehemu ina mwenyewe

Chukua chupa moja ya pombe kali, izungushe taratibu mkononi. Anzia juu. Ile stempu ya kodi iko chini ya TRA. Imetokana na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, na kanuni za stempu za kielektroniki za mwaka 2018. Mfumo ulianza kazi tarehe 15 Januari 2019 kwa bia, mvinyo, pombe kali na sigara. Soda zikafuata Agosti mwaka huohuo, halafu maji na juisi za viwandani zikaingizwa baadaye. Kabla ya hapo tulikuwa na stempu za karatasi za kawaida, ambazo mtu mwenye printa nzuri na roho ngumu aliweza kuziiga.

Shuka kwenye lebo ya mbele. Jina la kinywaji na mchoro wake ni alama ya biashara ya kampuni. Anayeiga au kuitumia kwa udanganyifu anakutana na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, Sura ya 85, ambayo siku hizi inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Hao ndio wanaoingia madukani na kwenye magodauni kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza.

Geuza nyuma. Viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe: hapo unaongea na TBS, Shirika la Viwango. Zamani upande wa chakula na vinywaji ulikuwa pia na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ikaupeleka TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Mtu akikuambia upeleke malalamiko ya juisi TFDA, taarifa zake zimeisha muda wa matumizi. Mpangilio wa hizo taarifa unafuata kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, ndiyo maana juisi ya Nairobi na ya Dar es Salaam lebo zake zinasomeka kwa namna moja.

Mwisho ni ujazo, ile mililita 350 au lita 1. Huyo ni Wakala wa Vipimo, WMA, kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Ofisi nne kwenye chupa moja, na mwenye duka hayumo. Wewe umenunua kinywaji ili ukiuze. Lebo inapita tu mikononi mwako, kutoka kiwandani kwenda kwa mnywaji. Una ruhusa ya kuipokea au kuikataa. Kuirekebisha huna, hata kama unachorekebisha ni kosa la kweli. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utazielewa hata kabla sijazieleza.

Hatua ya 2: Jua kuchezea lebo kunaanzia wapi

Watu wakisikia kuchezea lebo wanamfikiria mtu wa usiku mwenye gundi na taa ya kandili. Huyo yupo. Yupo anayebandua stempu ya chupa iliyokwisha na kuihamishia kwenye nyingine, na yupo anayenunua chupa tupu za pombe ya bei, anazijaza kilichochakachuliwa, kisha anakupelekea zikiwa kwenye boksi lake. Wengine hufuta tarehe na kupiga mpya. Wengine hukwangua namba ya toleo ili isijulikane mzigo ulitokea kwa msambazaji gani.

Lakini makosa mengi niliyoyaona kwenye maduka ya mtaani kwetu ni ya kizembe. Kubandika kikaratasi cha bei juu ya tarehe. Kuzungushia selotepu lebo iliyochanika. Kuandika kwa kalamu ya wino mzito "OFA" kukatiza msimbo wa stempu. Kuhamisha lebo nzuri kutoka chupa iliyopasuka kwenda kwenye chupa iliyopoteza yake, "si ni kinywaji kilekile?" Ni kilekile, ndiyo, ila namba ya toleo na tarehe sasa zinadanganya.

Bei iandike kwenye ukingo wa rafu. Ukilazimika kuiweka kwenye chupa, iweke mahali ambapo hakuna maandishi.

Jambo jingine ni vile vikaratasi vya Kiswahili au Kiingereza kwenye vinywaji vilivyoletwa na lebo za lugha za mbali. Hiyo ni kazi ya mwagizaji, anaimaliza kabla mzigo haujafika kwako. Ukiletewa katoni pamoja na rundo la stika ukaambiwa "utabandika mwenyewe", rudisha vyote.

Hatua ya 3: Pokea mzigo kwenye mwanga, kabla ya kusaini

Hapa ndipo penye kazi. Mzigo mbaya ukishasaini umekuwa wako.

Sheria yangu ya kwanza: hakuna kupokea baada ya magharibi. Kirikuu kikifika saa mbili usiku, dereva ana haraka na boksi zimefungwa vizuri, mwambie alale nao. Fungua katoni mbili au tatu ulizozichagua wewe, na usikubali ile anayokusogezea yeye. Toa chupa kadhaa kila katoni uziweke mezani.

Anza na stempu. Pakua programu ya TRA inayoitwa Hakiki Stempu kwenye simu, uelekeze kamera kwenye msimbo. Kwenye chupa za pombe kali na mvinyo msimbo uko kwenye stempu ya kubandika. Vipo vinywaji vingine ambavyo alama yake imechapwa moja kwa moja kwenye kifungashio, kwa hiyo usikimbilie kusema haina stempu kabla hujaigeuza chupa yote, kizibo na kitako.

Simu ikikubali, usiishie hapo. Wengi wakisikia mlio wanatabasamu na kuweka simu mfukoni. Soma kilichoandikwa kwenye kioo, ukilinganishe na ulichoshika. Stempu inaweza kuwa halali kabisa ila ilitolewa kwa kinywaji kingine cha bei ya chini. Halafu skani chupa ya pili, ya tatu, ya nne. Kila stempu ina namba yake ya pekee. Ukikuta chupa mbili zenye namba moja, mmojawapo ni mtoto wa fotokopi, na pengine wote wawili. Mtu akiskani chupa moja tu ya juu anaweza kuwa ameskani ile moja ya kweli iliyowekwa pale makusudi.

Pitisha kidole. Stempu iliyobandikwa kiwandani imelala, kingo zake hazinyanyuki. Iliyohamishwa huwa na kona iliyokunjuka, gundi iliyovuja pembeni, au mchirizi wa lebo ya zamani chini yake. Shingo ya chupa mpya haina mikwaruzo ya duara. Chupa iliyojazwa mara ya pili huwa nayo, pale kizibo kilipofunguliwa na kufungwa tena.

Sasa tarehe. Hili nilifundishwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mtambo wa kujazia chupa, na sijalisahau. Chupa kiwandani hazisimami, zinakimbia kwenye mkanda, na mashine inazirushia wino zikiwa zinapita. Kwa hiyo tarehe nyingi za kiwandani, ukizisogeza karibu na jicho, ni nukta nukta: kila tarakimu imejengwa kwa vidoadoa. Nyingine zimechomwa kwa leza, hizo ukipitisha ukucha unazisikia. Tarehe iliyopigwa kwa mhuri wa mkono mistari yake imejaa, imenyooka kupita kiasi au imelala upande, na wino umekusanyika pembeni. Ikipakwa juu ya nyingine iliyofutwa, plastiki ya mahali hapo huwa na ukungu kwa sababu ya tina au ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Washa tochi ya simu, iinamishe. Ukungu unaonekana.

Kisha linganisha tarehe na namba ya toleo ya chupa na ile ya kwenye katoni. Mtu anayebadilisha tarehe za chupa mia mbili kwa mkono huchoka, na katoni huisahau. Mimi nilikamata mzigo wa juisi namna hiyo: kwenye chupa muda ulikuwa umebaki miezi sita, kwenye boksi ulikuwa umepita wiki tatu. Aliyeniuzia, mtu tuliyefanya biashara kwa miaka, akasema boksi zilibadilishwa godauni. Inawezekana. Nikamrudishia mzigo na boksi zake.

Watakuambia pia uangalie barkodi, kwamba ikianza na 620 ni mali halisi ya Tanzania. Kweli 620 ni namba za Tanzania na 616 ni za Kenya, lakini zinaonyesha kampuni ilikojisajili kupata barkodi, hazithibitishi kilichomo ndani. Na anayeiga lebo nzima barkodi anaiga pia. Mimi hata sipotezi muda nayo.

Na whisky haina tarehe ya mwisho, mbona? Swali hilo naulizwa kila mwezi. Kanuni za kimataifa za lebo za vyakula, zile za Codex za mwaka 1985, haziulazimishi mvinyo wala kinywaji chenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi kuwa na tarehe ya ubora. Pombe kali haiozi. Bia inahitaji tarehe, juisi inahitaji, maji yanahitaji. Kwa hiyo ukikuta chupa ya pombe kali yenye kistika cha tarehe ya mwisho kilichobandikwa juu ya lebo, jiulize nani alikuwa na haja ya kukiweka.

Bei nayo inasema. Ushuru wa bidhaa kwenye pombe kali ni mkubwa, na kila anayelipa kodi anaubeba. Bei yake ya jumla ikishuka sana chini ya bei ya soko, kuna kitu hakikulipwa: ama ushuru, ama kinywaji chenyewe.

Kwenye kinywaji chenyewe ndipo mzaha unapoisha. Wanaochakachua wakikosa pombe safi wanatumia methanoli, spiriti ya viwandani isiyo na tofauti ya harufu ambayo mnywaji wa kawaida ataijua. Mwilini inageuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mei 2014 nchini Kenya zaidi ya watu 80 walikufa kwa siku chache kwa kinywaji chenye methanoli, na waliopona wengine walibaki vipofu. Mteja akilalamika kwamba tangu asubuhi anaona ukungu, tumbo linamsokota na kichwa kinapasuka baada ya kunywa jana yake, usimwambie ni hangova. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na ibebe chupa.

Hatua ya 4: Mzigo ukiwa na kasoro

Usiuingize ndani ukisema mtamalizana kesho. Andika kasoro kwenye hati ya mzigo mbele ya dereva: aina, idadi, kasoro gani. Yeye asaini, wewe usaini, piga picha. Katoni moja iliyolowa njiani lebo zikabanduka ni kasoro ya kawaida, msambazaji anayejiheshimu atakubadilishia. Stempu zinazojirudia namba au tarehe zilizofutwa ni jambo la kutoa taarifa: TRA kwa stempu, TBS kwa tarehe na ubora, FCC kwa bidhaa bandia. Ukikosea ofisi, usijali sana. Waeleze ulichokiona watakuelekeza.

Unachotakiwa kuwa nacho ni risiti ya manunuzi ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Bila risiti hata ukiwa msema kweli huna pa kuanzia, maana wewe ndiye uliyekutwa na mzigo. Risiti iliyoandikwa "vinywaji mbalimbali" haisaidii. Itaje kinywaji, ujazo na idadi.

Hatua ya 5: Jokofu, barafu na vumbi

Wenye vibanda vya stendi na viwanja vya mpira, hii ni yenu. Chupa za maji na juisi zikikaa saa tatu kwenye beseni la barafu, lebo ya karatasi inalegea, inateleza, mwisho inaelea. Unamkabidhi mteja chupa iliyo uchi. Hajui ni ya nani wala ina tarehe gani, na wewe huna cha kumwonyesha mkaguzi. Usiigandishe tena na gundi. Zamisha chache chache kadiri zinavyouzwa. Ukiweza, zipange kwenye sanduku la kupozea lenye mabarafu ya mifuko, ili maji yasigusane na lebo. Lebo za plastiki zinazovishwa kama shati hazina shida hiyo.

Vumbi: kitambaa kikavu. Kikizidi sana, kitambaa kilicholowa kidogo kwenye kioo tu, mbali na stempu na lebo. Stili waya mimi niliihamishia jikoni.

Jua nalo linafanya kazi yake. Chupa za dirishani zinazopamba duka hufifia maandishi na misimbo. Pamba dirisha kwa maboksi matupu.

Hatua ya 6: Lebo ikiharibika ikiwa kwako

Itatokea. Panya, mvua, mtoto, beseni.

Itoe rafuni siku hiyohiyo, iweke kwenye boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa HAIUZWI, sehemu ambayo si ya mauzo. Andika kwenye daftari: tarehe, kinywaji, idadi, ilivyoharibika, na namba ya risiti ya manunuzi. Kama stempu au vipande vyake vimebaki, vihifadhi kwenye bahasha pamoja. Kisha mjulishe msambazaji, na kwa stempu peleka barua fupi ofisi ya TRA iliyo karibu ukieleza, uondoke na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kunywa na marafiki hasara yako si kosa. Kuiuza ndiyo kosa. Na stempu hainunuliwi rejareja: wanaoziagiza ni watengenezaji na waagizaji waliosajiliwa. Anayekuja kukuuzia "za ziada" hapo kijiweni anakuuzia kesi.

Hatua ya 7: Tarehe zinazokaribia

Panga kilichotangulia kuisha mbele, kipya nyuma. Kila Jumatatu napita rafu moja moja na kalamu. Kinachobakiza mwezi nakishusha bei na kumwambia mteja sababu. Kilichopita hakishuki bei, kinaingia kwenye boksi la HAIUZWI. Mtu akikuambia bia iliyopita wiki mbili haijaharibika, huenda kweli haijaharibika, ila kuisukuma tarehe mbele ni kumdanganya mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu wa namna hiyo hata asipougua mtu.

Hatua ya 8: Mkaguzi akiingia

Mkaribishe, mwombe kitambulisho, andika jina na ofisi yake. Afisa wa kweli hachukii. Mwonyeshe leseni, risiti, daftari, na lile boksi. Ndiyo, mwonyeshe boksi wewe mwenyewe, kabla hajaligundua. Chupa zisizo na stempu zilizofichwa chini ya kaunta zina maana moja, na zilezile zikiwa kwenye boksi lenye maandishi, zikiwa na barua yenye mhuri, zina maana nyingine.

Akichukua mali, dai hati inayoeleza alichochukua na idadi yake. Kukiwa na faini halali italipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hii tunayoiita kontroo namba, benki au kwa simu. Anayetaka mkononi "tuyamalize" hajakusaidia, na atarudi mwezi ujao kukusaidia tena.

Usimwachie kijana wa duka peke yake mambo haya. Mfundishe hata hatua ya 2 tu.

Hatua ya 9: Kama uko mpakani

Namanga, Holili, Sirari, Mutukula: vinywaji vinavuka kwa bodaboda kama vile mpaka haupo. Stempu ya KRA ni halali Kenya, na Wakenya wana programu yao ya kuihakiki, Soma Label. Waganda wana stempu za URA na programu ya Kakasa. Hakuna kati ya hizo inayomaanisha kwamba ushuru wa Tanzania umelipwa. Kinywaji cha Kenya kilichoingia kihalali kina stempu ya TRA, na kisichokuwa nayo ni magendo hata kama ni halisi na kitamu. Na usikubali kubandua stempu ya kigeni "ili isionekane". Hapo umetoka kwenye kosa moja ukaingia kwenye mawili. Viroba visikusumbue akili: pombe ya kwenye mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia 1 Machi 2017, na stempu ya nchi yoyote haiisafishi.

Hatua ya 10: Wanaotengeneza juisi nyumbani

Mama mmoja jirani yangu anatengeneza juisi nzuri ya ukwaju, anaijaza kwenye chupa za maji zilizotumika, lebo za kampuni ya maji zikiwa bado zimo. Nikamwambia, hapo umeuza ukwaju kwa jina la mtu mwingine. Akaanza kuzibandua. Afadhali, lakini bado chupa ilitengenezwa kutumika mara moja, na hajui aliyeitumia mwanzo aliweka nini baada ya maji kuisha, maana mtaani zinabeba hadi mafuta ya taa. Chupa mpya zisizo na jina zinauzwa kwa bando Kariakoo na kwenye masoko makubwa. Nunua hizo, weka lebo yako yenye jina lako na siku uliyotengeneza, na ukitaka kuingia madukani nenda TBS. Wajasiriamali wadogo huwa wanaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako wanasaidiwa kuandaa maombi.

Hayo hayo kwa wenye kujaza madumu ya maji ya lita 18 na 20: dumu lenye jina la kampuni linajazwa na kampuni hiyo.

Hatua ya 11: Chupa tupu

Chupa za kreti, za bia na soda, zinarudi kiwandani zikiwa nzima, hizo usiziguse. Nazungumzia zile zisizorudi: za whisky, za konyagi, za mvinyo. Chupa tupu safi, yenye kizibo chake, lebo haijachubuka na boksi lake, ina wateja, na si wote wanaotaka kuwekea maua. Usimuuzie mtu anayechagua. Anayechagua chupa za aina moja tu, tena za bei, na anakusisitiza umhifadhie vizibo, unajua anachokwenda kufanya.

Chupa ikishakwisha, hakuna tena mnywaji wa kulindwa na ile lebo. Hapa kisu kinaruhusiwa. Nachana stempu kama bado imeshikilia, nakwaruza lebo mara mbili kwa msalaba, kizibo nakikunja kwa koleo, boksi nalichana na kuwashia jiko. Kijana wangu ndiye anayeifanya kazi hii siku hizi, kila Ijumaa, na anaifurahia kuliko inavyostahili. Mzee wa vyupa akija Jumamosi na guta lake huangalia, hununa kidogo, kisha anazipima kwa kilo kama vioo vingine.